Makofi Huwekwa Mpaka Mwisho

Projestus Kahigi wa Kimuli, wilayani Kyerwa, alikuwa msemaji wa harusi. Kazi hiyo hakuisomea, wala hakuna kikao kilichomteua. Ilimjia polepole tangu ujanani, na alipofikia umri wa kuitwa mzee hapakuwa na familia ya karibu iliyokwenda kuposa bila kumpitia yeye kwanza. Siku ya shughuli alivaa kanzu, akatia juu yake koti la kijivu, akashika fimbo na kuingia uani kwa watu mbele ya ujumbe wake, akijifanya mtu aliyepotea njia. Alianzia mbali. Alisema wao ni wapita njia tu, wameona moshi wakapenda kuota moto. Alisema wamesikia hapa pana miche mizuri ya migomba. Wenyeji nao walikuwa na msemaji wao, na wawili hao walizungushana kwa maneno mpaka jua likapinda, mmoja akitega, mwingine akitegua. Neno likiangukia mahali pake, ua mzima uliitika kwa pamoja, "Eee!" Kahigi aliishi kwa mwitikio ule. Alikuwa na migomba na kahawa kama kila mtu, na ng'ombe mmoja wa maziwa, lakini ukimwuliza mtu wa vijiji jirani vya Kamuli au Nkwenda habari zake, hakukuambia habari za kahawa.

Mkewe Adelgunda, mzaliwa wa Nyabiyonza, hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Yeye alisema njiani, wakati wa kurudi. Alimrudishia mumewe maneno yake moja baada ya jingine: hapa ulipiga, pale ulirefusha, na ile habari ya mtungi watu waliichekea kwa sababu ya pombe ya rubisi, si kwa sababu yako. Kahigi alinuna njia nzima, kisha harusi iliyofuata alifupisha. Adelgunda alipofariki, watu waliendelea kumwita naye aliendelea kwenda. Alisema vizuri, akaitikiwa vizuri, akarudi nyumbani peke yake asijue ni wapi alikuwa amerefusha.

Walijaliwa mtoto mmoja, Prudensia. Alisomea uuguzi, akajifunza Kijerumani, akaenda Ujerumani kufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, kwenye mji mdogo uitwao Hohenfurt. Jina hilo Kahigi hakuliweza. Alisema Honifuruti, na Kimuli nzima ikalichukua hivyo hivyo. Mazishi ya mama yake Prudensia aliyawahi kwa shida, akakaa wiki moja tu, akarudi kazini. Tangu hapo kila alipopiga simu alimwomba baba yake aende kumtembelea. Kahigi alikuwa na majibu mengi. Kahawa haijavunwa. Ng'ombe ana mimba. Mwishowe kahawa ikavunwa, ng'ombe akazaa, na jirani yake Mbonimpa, ambaye wazazi wake walitoka Burundi zamani na ambaye alikuwa akimsaidia shambani miaka yote, akamwambia waziwazi kwamba yeye atabaki na ndama, na kwamba mzee ameshaishiwa visingizio. Basi Kahigi akaenda. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua za masika zinaanza kwao, na huko alikokwenda baridi bado haijaachia.

Prudensia alikaa ghorofa ya tatu, chumba kimoja na jiko. Alimpa baba yake kitanda, yeye akalala kwenye kochi. Siku za mwanzo zilipita kwa kutazamana tu, baba akishangaa jinsi mtoto alivyokonda, mtoto akishangaa jinsi baba alivyozeeka. Kisha likizo yake fupi ikaisha, akarudi kazini. Kazi yenyewe ilikuwa ya zamu. Wiki hii alfajiri, wiki ijayo alasiri, mara nyingine usiku. Aliporudi alivua viatu mlangoni, akala akiwa amesimama karibu na jiko, akamwuliza baba yake kama alikula, kama aliona baridi, kama alikunywa dawa ya presha. Halafu usingizi ukamchukua.

Kahigi akabaki na dirisha. Chini palikuwa na barabara safi, miti isiyo na majani, na watu waliopita kila mmoja na njia yake. Alijifunza salamu yao ya asubuhi, akashuka nayo kwenye ngazi. Waliitikia, si kwamba hawakuitikia, lakini waliitikia huku ufunguo umeshaingia kwenye kitasa. Alipomwamkia mama mmoja wa ghorofa ya pili, akamwuliza kwa Kiswahili ameamkaje, watoto je, na nyumbani kwake wote wazima, yule mama alitabasamu, akainua mabega, akafunga mlango taratibu asije akaonekana anaufunga kwa nguvu. Siku nyingine jioni ilifika bila Kahigi kutamka neno hata moja. Prudensia aliporudi na kumwamkia, "Shikamoo, tata," ile marahaba ilitoka imekwaruza, na ilimbidi akohoe kwanza ndipo aendelee.

Siku moja Prudensia alikuja na tiketi mbili. Kazini kwao waligawiwa, za mchezo wa kuigiza katika ukumbi wa mji, Jumapili alasiri. Alieleza kwamba mji huu, mdogo hivi, una jumba lake la maigizo la tangu enzi za mababu, na waigizaji wake wa kuajiriwa. Mwenyewe hakuwahi kuingia. Kahigi alilipokea jambo hilo kwa furaha ambayo aliificha kidogo. Jumapili baada ya misa alipiga koti lake la kijivu pasi, akafunga tai, akakaa kitandani kusubiri saa. Hapo ndipo simu ya Prudensia ilipolia. Mwenzake ameugua, zamu haina mtu. Prudensia alisema maneno machache ya Kijerumani, akakata, akabaki ameshika simu.

"Tata, itabidi tuache," alisema.

"Uache wewe," Kahigi akamjibu. "Mimi nimeshafunga tai."

Prudensia alimpeleka mpaka mlangoni kwa haraka, akamwonyesha mahali pa kuacha koti la baridi, akamkabidhi kwa mama aliyekuwa akipokea tiketi, akamwelekeza kituo cha basi la kurudia. Kwa haraka hiyo alisahau kumwambia jambo moja, kwamba hapa watu hawaitikii.

Ukumbi ulikuwa mwekundu, viti vya kunepa, dari lenye taa kubwa ya vioo. Kahigi aliketi katikati ya wazee wenzake wengi, wanaume waliovaa masweta na wanawake walionukia sabuni. Kiti cha kushoto kwake kilikuwa cha Prudensia. Akaweka kofia yake hapo. Taa zikafifia taratibu, pazia likafunguka, na mbele pakawa na chumba cha nyumba ya watu: meza, viti, jiko, mlango. Kando ya jiko aliketi bibi mmoja akimenya viazi.

Maneno hakuyaelewa hata moja, lakini mchezo aliuelewa kuliko alivyotarajia. Kijana mrefu mwenye sanduku anaaga, anataka kusafiri. Kila akifika mlangoni mtu anamrudisha. Mama yake amesahau kumpa shuka. Mjomba anataka kumwimbia. Dada analia, akinyamaza analia mwingine. Watu ukumbini walicheka, na Kahigi akacheka nao, kwa sababu mtu anayeaga bila kuondoka hahitaji kutafsiriwa. Kilichomshika hasa ni sauti. Alikuwa amefanya kazi ya sauti maisha yake yote. Alimsikia mjomba akisema jambo la uongo, akajua ni uongo kabla wale wa jukwaani hawajajua. Alimsikia mama akiomba huku akijifanya anagomba. Alitambua hata mwigizaji aliyekuwa dhaifu, yule shemeji, aliyekimbilia mwisho wa sentensi kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Adelgunda angemtaja yule njiani.

Bibi wa viazi hakusema karibu chochote. Kijana akiaga, aliinua macho, kisha akaendelea kumenya. Wakaaga tena, akainua macho tena. Mpaka ile familia ikachoka kuaga, kila mmoja akageukia shughuli yake, na kijana safari hii akawa anaondoka kweli bila mtu kumtazama. Ndipo bibi akaacha kisu. Akafuta mkono kwenye aproni, polepole, kidole kwa kidole, akachukua kiazi kimoja ambacho hakijamenywa, akamtilia kijana mfukoni mwa koti.

"Eee!" Kahigi akaitika.

Aliitika kama anavyoitika mtu wa kwao, kutoka tumboni. Sauti yake ilitoka peke yake, ikazunguka ukumbi mzima, ikamrudia. Vichwa viligeuka. Mwanamke wa mbele yake alimtazama bila hasira, kama unavyomtazama mtu aliyeangusha kijiko kanisani. Huko jukwaani kijana na bibi waliendelea, ingawa Kahigi alihisi kwamba yule bibi alikaa kimya kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyopangwa. Kahigi aliona haya. Taa za mapumziko zilipowaka, watu walitoka kwenda kunywa vinywaji, naye akabaki pale pale na kofia yake, akiutazama upande wa mlango. Aliwaza kuondoka. Lakini nyumbani hapakuwa na mtu, na basi alilijua moja tu, akakaa.

Mchezo ulipokwisha, waigizaji wakajipanga mbele na kuinama. Hapo wale watu walioketi kimya muda wote wakapiga makofi. Walipiga, wakapiga, waigizaji wakatoka wakaitwa tena, na wengine wakaanza kugonga sakafu kwa miguu mpaka Kahigi akasikia mtetemo kwenye soli zake. Alishangaa. Kumbe wanayo, alijisemea. Wanayo kama sisi. Ila wanaiweka yote mpaka mwisho. Akapiga naye mpaka viganja vikawaka. Kisha makofi yakakoma mara moja, kama mvua ya Kimuli inavyokata, watu wakachukua makoti yao, wakasambaa kwenye magari, na kabla hajafika kituoni uwanja wa mbele ya jumba ulikuwa mtupu. Alisimama pale na mchezo mzima kifuani bila mtu wa kutembea naye njiani.

Prudensia aliporudi kutoka zamuni alimwuliza ilikuwaje. Kahigi alisimama katikati ya chumba, akaanza na kijana na sanduku. Alikuwa bado kwenye habari ya mjomba alipoona kwamba mwanawe anaitikia kwa kichwa huku macho yameshaondoka. Akafupisha. Akasema ilikuwa nzuri. Ile habari ya kuitika hakuisema.

Lakini tangu siku hiyo alikuwa na mahali pa kwenda. Prudensia alimtafutia tiketi kwa simu, na mama wa mlangoni akamzoea. Alikwenda siku ya katikati ya wiki, adhuhuri, kwenye kanisa kubwa ambako mwanamume mmoja alipiga kinanda na mwanamke akavuta fidla kubwa ya kusimamisha chini, watu wachache wakiwa wametawanyika kwenye mabenchi, kila mmoja na benchi lake. Alikwenda Jumapili nyingine kutazama ngoma ya vijana wa mji, watu waliocheza bila kusema, wakianguka na kuinuana. Hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote, kwa sababu hapakuwa na maneno, na kwa muda ule yeye na Wajerumani walikuwa sawa. Alijifunza kumeza mwitikio wake. Ulipomfika kooni aliuma mdomo, akaupeleka chini, akausubirisha makofi. Hakuwa na uhakika kama bado ulikuwa ni ule ule ulipofika mwisho.

Kisha akarudi kuutazama mchezo wa bibi wa viazi kwa mara ya pili. Safari hii alijua kinachokuja. Bibi alipofuta vidole kwenye aproni, Kahigi alishika mikono ya kiti na hakutoa sauti.

Alipofika kituoni jioni hiyo mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha, na chini ya kibanda alisimama mwanamke mzee mwenye kilemba cha sufi na mfuko wa kununulia vitu. Kahigi alimtambua kwa mikono. Alikuwa ni yule bibi. Kwa karibu alionekana mdogo zaidi wa umbo, na rangi za usoni hakuzifuta vizuri chini ya masikio.

Kahigi alijua maneno mawili matatu ya Kijerumani, yote ya dukani. Aliyapima, akayaona hayatoshi. Basi akavua kofia, akasogea hatua moja, akasema kwa Kinyambo, lugha ya kwao, kama anavyosema mtu aliyeingia uani kwa watu. Alimwambia kwamba yeye ni mgeni, ametoka mbali, kwao kuna milima na ukungu wa asubuhi. Alimwambia kwamba ameona watu wengi wakisema sana na hawajasema kitu, lakini bibi huyu amesema kwa kiazi kimoja. Alimwomba amsamehe kwa siku ile, kwa kuwa kwao mtu akifanya vizuri hawezi kuachwa bila kuitikiwa, ni kama kumwacha mgeni mlangoni. Hakurefusha.

Yule mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akainua kidole, akaonyesha jumba la maigizo, akaonyesha mdomo wa Kahigi, akasema kwa sauti ndogo, "Eee?" Alikuwa akiuliza. Kahigi akaitikia kwa kichwa. Mwanamke akacheka kwa pumzi, akaweka mkono kifuani, halafu akaanza kusema. Alisema kwa muda, kwa Kijerumani, akitazama mvua zaidi kuliko kumtazama yeye. Sauti yake haikuwa ile ya jukwaani. Haikuomba kitu wala haikudanganya. Hilo Kahigi aliweza kulisikia, na zaidi ya hilo hakuweza. Kulikuwa na neno moja alilolirudia. Basi lake likafika, si lile la Kahigi. Mwanamke alimshika mkono, akapanda, akaketi upande wa pili wa dirisha, na basi likaondoka.

Kahigi alilishika lile neno njia nzima. Alilitamka chini chini ndani ya basi lake lisije likadondoka. Prudensia alikuwa nyumbani siku hiyo, anapika ndizi alizozinunua kwenye duka la Waasia. Kahigi hakuvua hata koti.

"Mwanangu, alaini ni nini?"

Prudensia aligeuka kutoka jikoni. "Nani amekuambia?"

Akamweleza. Mara hii Prudensia alisikiliza, mwiko mkononi. Alitaka neno jingine lolote, lililotangulia au lililofuata, na Kahigi hakuwa nalo.

"Ni peke," alisema mwishowe. "Inaweza kuwa peke yangu. Inaweza kuwa peke yako. Au alikuwa anasema habari ya siku ile, kwamba wewe peke yako ndiye uliyeitika. Siwezi kujua, tata."

"Alilirudia sana."

"Hata hivyo siwezi kujua."

Walikula wakiwa wameketi, wote wawili, kwenye kimeza cha kukunja. Prudensia alikula kidogo, akasukuma sahani, na bila kuulizwa akaanza kusema. Alisema kwamba pale kazini yeye ndiye mtu wa kwanza kuwagusa wale wazee asubuhi na wa mwisho jioni, anawaosha, anawalisha, anasikiliza hadithi ile ile mara nyingi. Akitoka pale hataki kumwona mtu yeyote. Halafu akifika hapa, akifunga mlango, anamtafuta mtu. Ameishi katika mji huu miaka minne, na njia anazozijua ni ya kazini, ya dukani na ya kanisani. Alisema alimwita baba yake kwa sababu alidhani ni yeye, Kahigi, aliyebaki mpweke, na alitaka kumsaidia.

Kahigi alichukua sahani ya mwanawe, akala zile ndizi zilizobaki zisipotee, na baadaye akasema kwamba ule mchezo utaonyeshwa mara moja tena, Jumapili ya mwisho kabla ya safari yake, na angependa waende wote.

Prudensia aliomba ruhusa kazini mapema. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa zamuni, akarudi asubuhi, akalala kidogo, akaamka, akavaa gauni la kitenge ambalo Kahigi hakujua kuwa bado analo. Alipaka midomo rangi. Njiani alimshika baba yake mkono. Mama wa mlangoni alipowaona wawili alifurahi, akamwambia Prudensia maneno mengi, na Prudensia akamtafsiria baba yake kwamba mama anasema sasa anajua mzee ana mtu.

Wakaketi. Taa zikafifia. Kahigi aliinama sikioni mwa mwanawe akamwonya amwangalie bibi, asiwaangalie wengine. Prudensia akaitikia kwa kichwa. Alicheka kijana aliporudishwa mara ya kwanza, akacheka mara ya pili, na kwa kuwa aliyaelewa maneno alicheka mahali ambapo Kahigi hakujua kuwa pana kichekesho. Joto la ukumbi lilikuwa zuri. Kiti kilikuwa cha kunepa. Mara ya tatu hakucheka, na Kahigi alipogeuka alimwona amelala, kichwa kimeinamia bega lake, mdomo wazi kidogo kama alivyokuwa akilala mgongoni kwa Adelgunda.

Wakati wa kiazi ulikuwa unakaribia. Kahigi alijua hatua zake zote. Alisikia familia ikichoka kuaga, alisikia kisu kikiwekwa mezani. Angeweza kumgusa tu kidogo. Hakumgusa. Hakutazama hata jukwaani; alimtazama Prudensia, vidole vyake vilivyopauka kwa dawa za kunawia, mpaka ukimya wa ukumbi ukamwambia kwamba jambo lenyewe limeshapita. Hata makofi ya mwisho hayakumwamsha mara moja. Kahigi ndiye pekee asiyepiga, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umelaliwa. Bibi aliinama pamoja na wenzake, akatazama huku na huku ukumbini, na Kahigi hakujua kama alimwona.

Prudensia aliamka watu wakiwa wanasimama. Alipoelewa kilichotokea aliona uchungu uliomzidi, akamwuliza baba yake, karibu kwa ukali, kwa nini hakumwamsha.

"Ulikuwa umechoka," Kahigi alimwambia.

"Nilitaka kuona."

"Najua."

Kituoni walimngoja bibi kidogo, kwa kuwa Prudensia alitaka kumwuliza, lakini hakutokea. Labda alipata mtu wa kumpeleka. Basi lilipofika wakapanda. Prudensia hakuuachia mkono wa baba yake mpaka nyumbani. Wiki hiyo hiyo alimsindikiza uwanja wa ndege. Hakumwomba abaki, na Kahigi hakumwomba arudi. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake ameliwaza hilo.

Kimuli walimpokea kwa kelele. Walijaa uani, wakataka habari za Honifuruti. Kahigi aliwapa walichotaka: barabara, treni, mashine ya kufulia, bei ya ndizi moja. Waliitika kila mahali. Kisha akajaribu kuwaeleza jumba lile jekundu. Alisimama, akawa kijana mwenye sanduku, akawa mjomba, na watu wakacheka mpaka machozi, kwa maana kuigiza alikuwa anaweza. Alipofika kwa bibi, akafuta mkono kidole kwa kidole, akachukua kiazi ambacho hakikuwepo. Watu walingoja. Walidhani kuna kinachofuata. Mbonimpa aliuliza kama yule kijana alikuwa na njaa, na wengine wakaona ni swali zuri. Kahigi alisema ndiyo, labda alikuwa na njaa, akaketi, akaomba watu wapewe rubisi.

Baada ya hapo hakuusimulia tena. Aliendelea na ng'ombe wake na ndama aliyekuwa amekua, na harusi zilipokuja alikwenda. Ila alipokuwa akipalilia kahawa peke yake aligundua kwamba kuna jambo analolijua ambalo Kimuli nzima, Kyerwa nzima, hakuna wa kulizungumza naye. Aliyekuwepo alikuwa mmoja tu, na huyo naye alikuwa amelala.

Mwezi wa kumi Prudensia alipiga simu Jumapili jioni, siku ambayo si kawaida yake. Kahigi alitoka haraka mpaka kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, karibu na barabara, ambako mtandao hushika. Walimaliza habari za presha na za ndama. Kisha Prudensia akasema kwamba jumba limefunguliwa tena baada ya mapumziko ya kiangazi, na kwamba leo alasiri alikwenda.

"Na nani?" Kahigi akauliza.

"Nilikwenda tu, tata."

Ulikuwa mchezo mwingine, wa mke na mume wenye duka la viatu. Yule bibi hakuwemo. Prudensia aliuliza pale mlangoni, akaambiwa amestaafu, amehamia kwa dada yake mji wa mbali. Kahigi akamwambia, haya, eleza. Prudensia hakuwa msemaji. Alirithi hilo kwa mama yake. Alianzia katikati, akarudi nyuma, akasahau kumtaja yule mume mpaka alipokuwa ameshakufa. Kahigi alimsimamisha kila mara. Mke aliingia kwa mlango upi? Alisema kwa sauti gani? Watu walicheka hapo, au waliguna tu? Na Prudensia alijikaza kukumbuka, akajibu, akaendelea, na kwa kadiri alivyoendelea alisema kwa kasi zaidi, mpaka akafika mahali ambapo mke anabaki peke yake dukani na kuanza kujaribu viatu vya wateja, kimoja baada ya kingine.

"Eee," Kahigi aliitika kwenye simu.

"Subiri, bado," Prudensia alisema, na hapo mtandao ukakata.

Kahigi alisogea huku na huku uwanjani akiinua simu juu. Aliona mistari miwili ya mtandao, ikawa mmoja, ikapotea. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kwenye migomba ya Mbonimpa ng'ambo ya barabara. Alisimama akingoja kwa muda mrefu, kola ya koti ameipandisha, akijaribu kuwaza yule mke wa duka alivua kiatu cha mwisho akakiweka wapi. Simu haikulia. Mwishowe akakunja jamvi la kahawa, akalibeba begani, akarudi ndani kuwasha moto.